Mirambo: Mtemi aliyetikisa njia ya Ujiji kwa gobori na dawa

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

KATIKA karne ya 19 hapakuwa na jina lililowatia hofu wafanyabiashara wa pembe wa Ujiji kuliko la Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi. Makao yake yalikuwa mbali na Ziwa Tanganyika, lakini bei ya vitambaa, shanga na baruti katika soko la Ujiji ilitegemea kama siku hiyo yeye yuko vitani au yuko katika amani.

Wengi walimwogopa kwa ajili ya bunduki zake. Wengine, na pengine ndio waliokuwa wengi zaidi, walimwogopa kwa kuwa waliamini kwamba ana dawa zisizoshindwa, na kwamba mizimu ya ukoo wake ilitembea mbele ya jeshi lake.

Mirambo alizaliwa katika miaka ya 1840 au muda mfupi kabla ya hapo, akiitwa Mtyela, mwana wa Kasanda aliyekuwa mtemi wa Uyowa, himaya ndogo iliyokuwa magharibi ya Tabora. Inaelezwa kuwa ujanani aliwahi kutekwa na Wangoni, ambao wenyeji waliwaita Watuta, na huko ndiko alikojifunza mbinu zao za kivita.

Alirithi kiti cha baba yake akiwa bado kijana. Jina la Mirambo alilipata baadaye vitani, na kwa maelezo ya wengi maana yake ni maiti. Hata ngome yake ya kwanza iliyovuma, Iselamagazi, ilibeba neno magazi, lenye maana ya damu.

Utemi na mizimu

Ili kuielewa nguvu ya Mirambo ni lazima kwanza kuielewa maana ya utemi. Kwa Wanyamwezi wa zama zile mtemi alikuwa zaidi ya mtawala wa kukusanya kodi na kukata mashauri. Alikuwa kiungo kati ya watu walio hai na wahenga waliokwisha kuzikwa.

Afya yake ilihesabiwa kuwa ndiyo afya ya nchi. Mvua ikikosekana, mifugo ikifa au vita ikishindwa, watu waliuliza kwanza kama mtemi ametimiza wajibu wake kwa mizimu. Ngoma za kifalme, makaburi ya watemi waliotangulia na kibangwa, yaani kipande cha kombe la bahari kilichovaliwa na watemi, vilikuwa vitu vitakatifu vilivyotunzwa kwa miiko mikali.

Kabla ya safari au vita, wafumu, yaani waganga wapiga ramli, walichinja kuku na kusoma dalili ndani ya mwili wake. Dalili zikiwa mbaya, safari iliahirishwa. Zikiwa njema, wapiganaji walipewa dawa za kujikinga na kwenda wakiwa na moyo mkuu.

Katika karne hiyo hiyo kilienea pia miongoni mwa Wanyamwezi chama cha Baswezi, kilichohusu pepo wa Ryangombe. Chama hicho kilitokea upande wa kaskazini magharibi, ambako Waha na Warundi nao walikuwa na ibada ya namna hiyo waliyoiita Kiranga.

Mirambo hakuibuni imani hiyo, aliikuta. Lakini aliitumia kwa namna ambayo watemi wengi wa wakati wake hawakuweza. Pale ambapo mtemi wa kawaida alikaa nyumbani akilindwa na miiko, yeye alitangulia vitani mwenyewe. Kila ushindi ukawa ushahidi mpya kwamba dawa yake ni kali.

Jeshi lake la rugaruga lilikuwa la vijana. Alipendelea wasiooa, kwa kuwa aliona kijana asiye na mke wala watoto hasiti mbele ya hatari. Walivaa mavazi mekundu na kujipamba kwa vitu vilivyotokana na miili ya maadui waliouawa, na sura hiyo peke yake ilitosha kuwakimbiza wanakijiji kabla gobori moja halijalia.

Vita vya mwaka 1871

Mgogoro mkubwa ulizuka mwaka 1871, baina yake na Waarabu wa Tabora pamoja na Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe waliyemuunga mkono. Chanzo kilikuwa njia ya misafara. Mirambo alidai haki ya kutoza hongo na kuwa na sauti katika biashara iliyopita katika nchi yake, na alipoona anapuuzwa akaifunga barabara ya kwenda Ujiji.

Agosti mwaka huo Waarabu walikwenda kumshambulia, wakiwa na mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyekuwa akielekea ziwani kumtafuta Dk. David Livingstone. Walianza vizuri. Kikosi kimoja kiliteka kijiji na kujitwisha pembe na mateka, lakini katika kurudi kikavamiwa na watu wa Mirambo waliokuwa wamejificha katika nyasi ndefu kandokando ya njia. Wengi waliuawa, na waliobaki wakatawanyika.

Siku chache baadaye Mirambo aliishambulia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Miongoni mwa waliouawa ni Khamis bin Abdallah, mmoja wa Waarabu mashuhuri wa mji huo.

Kwa watu wa kawaida jambo hilo lilikuwa na maelezo mamoja tu: dawa ya Mirambo imeishinda ya Waarabu. Ikumbukwe kuwa hata wapiganaji wa upande wa pili hawakuwa mbali na imani kama hizo, kwani wapo waliokwenda vitani wakiwa na hirizi shingoni.

Hata hivyo, ushindi ule ulikuwa na sababu nyingine zinazoonekana. Mirambo alikuwa na wapelelezi, alijua wakati wa kurudi nyuma na wakati wa kuvizia, na alikuwa na magobori yaliyonunuliwa kwa pembe. Sultani Barghash wa Zanzibar alituma askari na kujaribu kuzuia baruti isimfikie, lakini vita iliendelea kwa miaka kadhaa bila mshindi kamili.

Gharama yake iliwaangukia wanyonge. Vijiji vilivyokuwa kando ya njia vilihamwa, mashamba yakaachwa, wapagazi wakakosa kazi na waliotekwa wakauzwa. Stanley alilazimika kuzunguka mbali kwa upande wa kusini ndipo akafika Ujiji Novemba 1871, ambako Livingstone alikuwa mgonjwa na mwenye dhiki.

Huko ziwani nako watu waliishi na mizimu yao. Wapiga makasia waliopita karibu na milima ya Kabogo, kusini ya Ujiji, walitupa shanga na vitambaa majini ili kumtuliza mwenye ziwa. Kwa hiyo habari kwamba yupo mtemi mwenye nguvu zisizo za kawaida hazikuwa ngeni kwa masikio ya watu wa pwani hiyo.

Kuchanjiana na Stanley

Aprili 1876 Stanley alipita tena katika nchi hizo, na safari hii akakutana na Mirambo uso kwa uso. Alitarajia kumwona mtu katili wa sura; badala yake akamkuta mtu mtulivu, mwenye sauti ya upole na adabu nyingi.

Wawili hao wakachanjiana. Manwa Sera, kiongozi wa wapagazi wa Stanley, aliwachanja miguuni, damu ikabadilishwa, na yakatamkwa maapizo juu ya yeyote atakayeuvunja udugu huo.

Kwa Mzungu yule huenda hiyo ilikuwa desturi ya kupata njia salama. Kwa Mirambo ulikuwa mkataba wenye mashahidi wasioonekana, mzito kuliko karatasi. Udugu wa namna hiyo ulifungwa kati ya watawala na wafanyabiashara katika sehemu nyingi za bara, na ndio uliowezesha watu wasiojuana kulala chini ya paa moja bila hofu.

Miaka iliyofuata ndiyo ya kilele chake. Alipatana na Waarabu wa Tabora, akapeleka majeshi Uvinza, mahali penye chumvi na vivuko vya Mto Malagarasi, na hivyo kuishika shingo ya njia ya kwenda Ujiji. Wamisionari wa London Missionary Society, waliofika Ujiji mwaka 1878, waliona mapema kuwa bila ridhaa yake mizigo yao haiwezi kupita.

Mwaka 1879 alimpokea Urambo Dk. Ebenezer Southon wa chama hicho. Mirambo alipenda tiba na elimu ya mgeni wake, lakini hakuacha mila zake. Mizimu ya baba zake ndiyo iliyompa kiti, na kuiacha kungekuwa sawa na kuikata tawi alilokalia.

Urafiki wake na Waingereza ulipata pigo Juni 1880, pale Carter na Cadenhead walipouawa huko Upimbwe katika mapigano yaliyohusisha majeshi yake. Carter alikuwa akitoka Karema, ambako alikuwa amepeleka tembo wa India kwa ajili ya msafara wa Mfalme wa Ubelgiji. Southon naye alifariki mwaka 1882 baada ya kupigwa risasi kwa bahati mbaya.

Ugonjwa wa koo

Kisha ukaja ugonjwa. Koo lilimsumbua Mirambo kwa muda mrefu, na mtu ambaye sauti yake ilisogeza maelfu akawa anapata taabu kusema. Hapo imani iliyomjenga ikageuka kuwa mzigo, kwa sababu mtemi mgonjwa maana yake ni nchi mgonjwa.

Baadhi ya waandishi wa mila za Wanyamwezi wameeleza kuwa mtemi aliyezidiwa na maradhi aliweza kunyongwa na wazee wake, ili udhaifu wake usiiambukize nchi, na kwamba kifo cha mtemi kilifichwa kwanza. Mirambo alifariki Desemba 2, 1884.

Nafasi yake ilichukuliwa na ndugu yake, Mpandashalo. Lakini himaya ile ilikuwa imeshikamana na mtu mmoja, ushindi wake na sifa za dawa yake. Watemi waliokuwa chini yake walianza kujitenga, na Wajerumani walipofika Tabora mwaka 1890, dola kubwa ya Urambo ilikuwa imekwisha kuvunjika.

Hilo ndilo somo gumu katika maisha yake. Gobori liliweza kununuliwa na kurithiwa. Imani ya watu kwa Mirambo haikurithika; alikwenda nayo kaburini.

Jina lake lingali linatajwa. Mjini Tabora ipo kambi ya jeshi inayoitwa kwa jina lake, na shule ya sekondari ya Milambo. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, inapita Urambo na Uvinza kabla ya kushuka ziwani, karibu na njia ile ile ambayo mtemi huyo aliwahi kuifunga na kuifungua apendavyo.