Maisha ya Henry Moseley, Aliyezipa Metali Ushahidi Wao

Mtafiti anayetaka kujua sarafu ya kale iliundwa kwa madini gani hukabiliwa na mtihani mgumu. Akiikwangua ili apate unga wa kupima, ameuharibu urithi. Asipoikwangua, hubaki kukisia. Miongoni mwa waliochangia pakubwa kuutatua mtihani huo ni Mwingereza aliyefariki akiwa na umri wa miaka 27 tu, Henry Moseley.

Moseley alizaliwa tarehe 23 Novemba 1887 mjini Weymouth. Babake, mwanabayolojia aliyesafiri na meli ya utafiti ya Challenger, alifariki mwaka wa 1891. Baada ya masomo ya Eton na Oxford, kijana huyu alijiunga na Ernest Rutherford katika Chuo Kikuu cha Manchester mwaka wa 1910.

Mwaka wa 1913 alianza kuzipiga elementi kwa elektroni, moja baada ya nyingine, na kupima eksirei zilizotoka. Aligundua kwamba kila elementi hutoa miali yake mahususi, na kwamba kipeuo cha pili cha marudio ya miali hiyo hupanda kwa hatua sawa kadiri tunavyosonga mbele katika jedwali la elementi. Hivyo basi, namba ya atomi ikapata maana: ni kipimo cha chaji ya kiini. Hata mapengo ya jedwali yalibainika. Elementi ya 72, hafniamu, ilitambuliwa mwaka wa 1923 kwa njia iyo hiyo.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka wa 1914, Moseley alijitolea kuwa mwanajeshi. Tarehe 10 Agosti 1915, akiwa afisa wa mawasiliano, aliuawa kwa risasi huko Gallipoli. Katika wosia wake aliiachia Royal Society mali yake ili iendeleze utafiti.

Leo, wataalamu wa makavazi huielekezea sarafu au upanga miali ya eksirei. Atomi zilizomo hujibu kwa miali yake zenyewe, na kifaa husoma kiasi cha shaba, fedha, bati au risasi, pasi na kuacha alama. Hata hivyo, mbinu hii husoma tabaka la juu tu, kwa hivyo kutu huweza kumpotosha asiye mwangalifu.

Inasikitisha kwamba vita vilimwangamiza mtu ambaye kazi yake imetuwezesha kuchunguza bila kuharibu.