Seyyid Khalid bin Barghash: Sultani wa Siku Mbili

Ndugu msomaji, siku hizi ukitaja Seychelles mtu anawaza watalii na harusi za matajiri. Zamani za ukoloni, Muingereza alikuwa na kazi nyengine ya visiwa vile: kuwatupia wafalme wasiomtii. Kabaka Mwanga wa Buganda alifia huko mwaka 1903. Prempeh wa Ashanti alikaa zaidi ya miaka 20. Na mwengine ni wa pwani yetu hii.

Seyyid Khalid alizaliwa mwaka 1874, mtoto wa Seyyid Barghash wa Unguja. Babake naye alionja uhamisho: mwaka 1859 aliinuka dhidi ya nduguye Majid, Waingereza wakampeleka Bombay. Lakini yeye alirudi, na mwaka 1870 akakalia kiti.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid, kijana wa miaka 22, akaingia jumba la kifalme bila idhini ya Muingereza. Hebu fikiri, mtu kuombea ruhusa kiti cha babake! Siku mbili baadaye, saa tatu asubuhi, manowari zikafyatua mizinga. Haikutimia saa moja, na watu wake kama 500 walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Yeye alikimbilia ubalozi wa Ujerumani. Kusema kweli, kuwaacha waliokuwa wakifa kwa ajili yake ni jambo zito.

Tarehe 2 Oktoba, maji yalipojaa, mashua ya Wajerumani ilimchukua pale pale ubalozini, asikanyage ardhi ya Unguja akakamatwa. Akaishi Dar es Salaam miaka 20, mpaka Waingereza walipouteka mji mwaka 1916. Basi wakamhamisha, St Helena alikofungwa Napoleon, na Seychelles.

Seychelles haikuwa na wenyeji. Wafaransa walianza kuhamia mwaka 1770 wakiwa na watumwa, kisha mkataba wa 1814 ukampa Muingereza. Kwa hivyo watu aliowakuta Khalid wengi wao walikuwa kizazi cha Waafrika waliouzwa, na wengine walitoka huku huku kwetu, katika biashara iliyoutajirisha ukoo wake mwenyewe.

Mwishowe aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafariki hapa Mombasa mwaka 1927. Pwani hii wakati huo Muingereza alikuwa ameikodi tu, na kodi yake ilikwenda Unguja, kwa yule aliyekalia kiti alichonyang'anywa Khalid.