Hans Andersen, Mtoto wa Mshona Viatu



Kila Jumamosi baadhi yetu wa madarasa ya juu huenda shule ya msingi iliyo jirani kuwasomea watoto wadogo. Muhula uliopita nilipewa kitabu chembamba chenye picha, habari za kinda la bata lililochukiwa na wote kwa ubaya wa sura yake. Nilikipokea shingo upande, maana sikuona kuwa kusoma habari za bata ni kazi ya kijana wa miaka 19. Lakini nilipofika ukurasa wa mwisho watoto walikuwa kimya kabisa, na mmoja wao akanishika mkono akitaka nianze tena. Nikarudi bwenini nikijiuliza ni mtu gani huyo aliyeweza kunyamazisha darasa zima kwa hadithi ya bata. Hapa nimeandika maisha yake kwa ufupi. Nimeona yanatufaa, hasa sisi tulioanza kusoma tukiwa tumekwisha kuwa wakubwa.

Jina lake ni Hans Christian Andersen. Alizaliwa tarehe 2 Aprili, 1805, katika mji wa Odense, nchi ya Denmark, iliyo kaskazini ya Ulaya. Baba yake alikuwa mshona viatu, tena maskini. Mama yake alifua nguo za watu mtoni, hata siku za baridi kali, na kusoma alikuwa hajui sawasawa. Walikaa katika nyumba ndogo, na chumba kilekile alichoshonea baba viatu ndicho walichokuwa wakilala.

Baba huyu alikuwa na huzuni moja moyoni. Tangu ujana wake alitamani kwenda shule ya juu, asipate. Basi jioni alimsomea mwanawe vitabu vichache alivyokuwa navyo, na kimojawapo kilikuwa Alfu Lela Ulela, zile hadithi ambazo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanazijua sana. Tena alimtengenezea jukwaa dogo la sanamu za kuchezesha, na mtoto akawa anazishonea nguo sanamu zake na kuzitungia maneno. Bibi yake mzaa baba naye alitunza bustani ya nyumba ya wagonjwa wa akili. Mtoto alipomfuata huko, aliketi na vikongwe waliokuwa wakisokota nyuzi, akasikiliza hadithi zao za kale. Hao ndio waliokuwa walimu wake wa kwanza, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa na cheti.

Mwaka 1812, wakati wa vita vya Napoleon, baba aliingia jeshini. Alirudi mwaka 1814 afya yake imeharibika, na mwaka 1816 akafa. Hans alikuwa na miaka 11. Mama akampeleka kufanya kazi kiwandani, lakini wafanyakazi wa huko walimdhihaki kwa sauti yake nyororo kama ya msichana, akarudi nyumbani analia. Mama akaolewa tena, akataka mwanawe ajifunze ushonaji wa nguo. Kijana hakutaka. Alisema ya kwamba yeye atakwenda mji mkuu, Copenhagen, naye atakuwa mtu mashuhuri. Mama akaenda kwa mwanamke mpiga ramli, naye akatabiri kwamba siku moja mji wote wa Odense utawashwa taa kwa heshima ya mtoto huyo. Hapo ndipo mama alipokubali.

Septemba 1819 Hans aliingia Copenhagen. Umri wake ulikuwa miaka 14, mfukoni ana fedha kidogo sana, na katika mji ule hapana ndugu hata mmoja. Alibisha hodi katika Jumba la Kifalme la michezo ya kuigiza. Akajaribu kuigiza, akakataliwa. Akajaribu kuimba, akapata mwalimu mwema wa Kiitalia, lakini sauti yake ikavunjika kama zivunjikavyo sauti za vijana wote. Akajaribu kucheza ngoma za jukwaani, nako hakufaa, maana alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye miguu mikubwa. Miaka mitatu ilipita hivyo katika njaa na baridi. Alitunga michezo akaipeleka jumbani, ikarudishwa kwa sababu ilionyesha wazi kwamba mwandishi wake hajui hata kuandika maneno kwa usahihi.

Lakini miongoni mwa wakuu wa jumba lile alikuwamo bwana mmoja aitwaye Jonas Collin. Yeye aliona kwamba ndani ya upuuzi ule mna cheche. Alizungumza na Mfalme Frederik wa Sita, na fedha zikapatikana za kumsomesha kijana. Hivyo mwaka 1822 Hans Andersen alipelekwa shule katika mji mdogo wa Slagelse.

Ndugu zangu, fikirini jambo hili. Alikuwa na miaka 17, mrefu kama mlingoti, naye akaketishwa darasa moja na watoto wa miaka kama 11 au 12. Wao walijua sarufi na ramani. Yeye hakujua lolote. Mwalimu mkuu, Bwana Simon Meisling, alikuwa mtu wa elimu kubwa ya Kilatini na Kiyunani, lakini ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe. Alimdhihaki mbele ya wadogo wale, akamkataza kabisa kutunga mashairi. Mwaka 1826 Meisling alihamia shule ya mji wa Helsingør, na Andersen akamfuata, akikaa katika nyumba yake. Huko alitunga shairi juu ya mtoto anayekata roho. Mwalimu alipolisoma alilitupilia mbali kama takataka. Baadaye shairi hilo lilipigwa chapa, likapendwa na watu wengi hata nje ya Denmark.

Mimi niliposoma habari hizi niliona kama nasoma habari zangu. Nilianza darasa la kwanza nikiwa nimekwisha kuchunga mbuzi miaka mingi, na dawati nililopewa halikunitosha magoti. Najua jinsi kicheko cha wadogo kinavyochoma. Kwa hiyo nilitaka sana kujua kama Andersen alikimbia shule.

Hakukimbia. Alikaa miaka mitano akijifunza, hata mwalimu mmoja kijana alipomwonea huruma akampasha Bwana Collin habari zote. Mwaka 1827 Collin alimtoa kwa Meisling, akamtafutia mwalimu wa peke yake, na mwaka 1828 Andersen alishinda mtihani wa kuingia chuo kikuu. Hata uzeeni aliota ndoto mbaya za Meisling. Lakini ameandika mwenyewe kwamba miaka michache baadaye walikutana Copenhagen, na mwalimu yule akampa mkono, akakiri kwamba alimkosea.

Sasa Andersen akaanza kuandika na kusafiri. Mwaka 1833 Mfalme alimpa fedha za safari, akaenda Ujerumani, Ufaransa na Italia. Alipokuwa Roma alipata barua kwamba mama yake amefariki. Mama yule aliyefua nguo katika maji ya barafu alifia katika nyumba ya maskini wa mji wa Odense, na mwanawe yuko mbali. Jambo hili naliandika kwa sababu ni sehemu ya maisha yake, na pia kwa sababu miongoni mwetu wako wanaokwenda mbali.

Mwaka 1835 alitoa hadithi ndefu juu ya Italia, nayo ikasifiwa sana. Mwezi Mei mwaka uleule alitoa kijitabu cha hadithi nne za watoto. Mlikuwa na hadithi ya askari aliyepata kisanduku cha kuwashia moto, ya Klaus mdogo na Klaus mkubwa, ya binti mfalme aliyelala juu ya punje ya njegere, na ya maua ya msichana mdogo Ida. Kilikuwa kitu kidogo mno, na rafiki zake wengine walimwonea haya.

Hapa ndipo palipo kiini cha habari yangu. Siku zile vitabu vya watoto viliandikwa kwa lugha nzito ya wenye elimu, na kila hadithi ilifungwa kwa mawaidha. Andersen hakufanya hivyo. Aliandika kama watu wanavyosema, kama vikongwe wale walivyosimulia mbele ya gurudumu la nyuzi. Vitu vya nyumbani aliviacha viseme, askari wa bati, sindano ya kutarizi, hata mti wa Krismasi. Wahakiki walimkemea. Walisema kwamba lugha yake ni ya mitaani, na kwamba hadithi zake hazina mafundisho mema. Mmoja alimshauri asipoteze tena wakati wake kwa kazi kama hiyo. Basi lugha ile ya nyumba ya mshona viatu, ambayo shule ilijitahidi kuing'oa kinywani mwake, ndiyo aliyoiandika kitabuni. Mtu mmoja aliyeona mbali ni Ørsted, yule mtaalamu aliyegundua mwaka 1820 jinsi umeme unavyovuta sindano ya dira. Yeye alimwambia kwamba ile hadithi ndefu itampa sifa, bali hadithi za watoto zitamfanya asife.

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1837 alitoa hadithi ya nguva mdogo, na ile ya mfalme aliyedanganywa na wafumaji wawili hata akatembea uchi barabarani, watu wote wakimsifu kwa mavazi yasiyokuwapo, mpaka mtoto mdogo aliposema kweli. Mwaka 1845 aliandika juu ya msichana muuza viberiti aliyekufa kwa baridi usiku wa mwaka mpya. Mama yake mwenyewe alipokuwa mtoto alitumwa kuomba sadaka, asithubutu, akakaa chini ya daraja akilia. Andersen hakulisahau jambo hilo. Hadithi zake zote ni 156.

Hadithi ya kinda la bata ilitoka mwaka 1843. Kinda linaanguliwa kwa bata, linaonekana baya, linapigwa na kufukuzwa. Linapita majira ya baridi peke yake. Mwishowe linajitazama majini na kujiona kwamba si bata bali ni batamaji, yule ndege mweupe mwenye shingo ndefu. Wengi husema kwamba hayo ni maisha ya Andersen mwenyewe, na ni kweli. Ila mimi naona tofauti moja. Kinda lile halikufanya kazi yoyote, lilikua tu. Mwandishi wake hakukua tu. Alisaidiwa na Collin, akajifunza pamoja na wadogo, akaandika na kufuta. Hata hivyo makosa ya maandishi hayakumtoka mpaka kufa kwake.

Wala tusidhani kwamba sifa zilimponya kila kitu. Hakuoa. Aliogopa moto hata akasafiri na kamba, apate kushuka dirishani nyumba ikiungua. Mwaka 1857 alimtembelea mwandishi mkuu wa Uingereza, Charles Dickens, akakaa majuma matano mpaka wenyeji wakachoka. Alikuwa mtu mwepesi wa kuumia, na neno moja baya gazetini lilimlaza chini akilia.

Tarehe 6 Desemba, 1867, mji wa Odense ulimwita na kumpa heshima ya raia wake mkuu. Usiku madirisha yote yakawashwa taa, kama alivyotabiri yule mpiga ramli. Andersen alisimama dirishani akitazama, na jino linamwuma vibaya. Mama yake alikuwa amekufa miaka 34 iliyopita.

Karibu na mwisho wa maisha yake watu walitaka kumjengea sanamu, ameketi na watoto wamemzunguka na kumpanda mabegani. Alikasirika, akasema kwamba hadithi zake ni za wakubwa pia, ila wakubwa hawajui. Sanamu ilipojengwa katika bustani ya mfalme, Copenhagen, ilionyesha mtu peke yake na kitabu chake. Alifariki tarehe 4 Agosti, 1875, akiwa na miaka 70. Hadithi zake zimefasiriwa katika lugha zaidi ya 100, na tangu mwaka 1967 siku yake ya kuzaliwa ndiyo Siku ya Vitabu vya Watoto duniani.

Wenzangu, nami nina neno dogo la kumalizia. Shule hii imetufundisha lugha za vitabu, nasi tunashukuru. Lakini Andersen asingekuwa na la kuandika kama asingaliketi na vikongwe wale. Bibi yangu mzaa mama yu hai bado, macho yake yamekwisha kufifia, na hadithi zake za sungura na fisi nazijua nusunusu tu. Sijaandika hata moja. Nilizionea haya, kama nilivyokionea haya kile kitabu cha bata. Likizo hii nitachukua daftari na kukaa naye jikoni. Muhula ujao, Mungu akipenda, mojawapo nitaisoma siku ya Jumamosi mbele ya watoto wale wadogo, nione kama watanyamaza.