Habari za Askofu Edward Steere, Mjenzi wa Kanisa Kuu la Mkunazini

Mtu ashukaye Forodhani akashika njia ya Mkunazini hufika kanisani upesi. Zamani njia hiyo ilikuwa nzito. Majahazi yalileta watu kutoka bara, ushuru ukatozwa kwa kila kichwa, kisha wakapelekwa sokoni wauzwe. Penye soko hilo ndipo ilipo altare yetu leo, na aliyelijenga kanisa ni Askofu Edward Steere, ambaye habari zake yatupasa kuzijua, hasa sisi waalimu.

Alizaliwa London mwaka 1828, akasoma sheria, akaiacha, akawa padre. Mwaka 1864 alifuatana na rafiki yake Askofu Tozer kuja Unguja, naye alikusudia kukaa kitambo kidogo tu. Sultani Majid aliwapa vijana watano waliookolewa katika jahazi la watumwa, nao ndio wanafunzi wa kwanza wa misioni.

Steere hakutaka watu wangoje mpaka wajue Kiingereza ndipo waihubiriwe Injili. Alikaa kama mwanafunzi mbele ya wenyeji wa mji, akajifunza Kiswahili chao. Waislamu walimfundisha, Shehe Abdul Aziz alijitolea kumfasiria Zaburi kwa Kiswahili safi. Neno hili tulikumbuke, kwa maana wako wadhanio kwamba Kiswahili cha sala zetu kilitoka Ulaya ndani ya sanduku. Mwaka 1870 vikatoka vitabu vyake viwili, kimoja cha kufundisha lugha, cha pili cha hadithi za Unguja.

Soko likafungwa mwaka 1873, kwa mapatano ya Sultani Barghash na Waingereza. Padre West akanunua kiwanja, na Jairam Senji, mfanya biashara wa Kihindi, akatoa kipande cha jirani. Siku ya Noeli mwaka ule ule jiwe la msingi likawekwa. Steere, aliyewekwa kuwa Askofu mwaka 1874, aliisimamia kazi mwenyewe. Paa alilijenga kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, limepinda kama tao, wala halina boriti; wengi walidhani litaanguka mbao zitakapoondolewa, lakini limesimama. Yasimuliwa pia kwamba siku moja hakuwapo, mafundi wakazisimamisha nguzo ndogo juu chini, naye aliporudi akaziacha vivyo hivyo. Watoto wa mafundisho huniuliza habari za nguzo hizo kuliko habari za Askofu.

Lakini kazi ya mawe haikuwa ngumu kama kazi ya watu. Walioachwa huru walikuwa wa makabila mengi, hawana ndugu wala shamba. Wengine walipewa makao Mbweni. Wengine walitamani nchi zao, naye hakuwazuia: mwaka 1876 aliwaongoza kwa miguu kutoka Lindi hata Masasi, wakajenga huko. Mwaka 1879 akamfanya John Swedi, mmoja wa wale vijana watano, kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza katika misioni yetu.

Mwezi wa Agosti mwaka 1882 alirudi kutoka Uingereza, na siku chache baadaye, tarehe 27, alikufa usingizini. Akazikwa nyuma ya altare. Agano Jipya zima la Kiswahili likatoka mwaka 1883, naye hakuliona. Mwaka 1890 Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, akapewa upadre.