MALI BILA DAFTARI: Maisha ya Sir Percival David, mjuzi wa vyombo vya Kichina

Katika nyumba za kale za pwani yetu, tangu Pate na Lamu mpaka Mombasa, chombo cha Kichina hakikuwa kitu kigeni. Wazee wetu walijaza zidaka za kuta zao mabakuli na sahani zilizoletwa na majahazi, na sahani nyeupe iliyo safi ndiyo iliyoandikiwa kombe kwa zafarani. Baadhi ya vyombo hivyo vingalipo hata leo. Lakini wengi wetu tuliovirithi hatujui ni vya zama gani wala vina thamani gani. Ndiyo maana dalali akibisha hodi asubuhi, jioni kidaka huwa kitupu.

Kwa sababu hiyo nimeona niwaeleze wasomaji habari za mtu aliyefariki zamani, ambaye maisha yake ni somo kwa kila mwenye chombo cha kale. Mtu huyo ni Sir Percival David.

Alizaliwa Bombay mwaka 1892, katika ukoo wa Mayahudi wenye asili ya Baghdad waliohamia Bara Hindi kwa ajili ya biashara. Baba yake, Sir Sassoon David, alikuwa tajiri wa viwanda vya pamba, na ni miongoni mwa waanzilishi wa Bank of India mwaka 1906. Basi Percival alikulia katika mji ambao babu zetu waliujua vizuri kwa nguo na masanduku yake. Baba alipofariki mwaka 1926, kijana alirithi cheo na mali. Lakini moyo wake haukuwa katika pamba wala benki. Alihamia London, na huko akazama katika jambo moja tu, nalo ni vyombo vya kauri vya Uchina.

Matajiri waliokusanya vyombo hivyo zama zile walikuwa wengi. Wengi wao walinunua kwa macho: kikiwa kizuri, kinunuliwe. Bwana David hakuridhika na macho peke yake. Alijifunza kusoma Kichina, tena Kichina cha vitabu vya kale, kwa kuwa alitaka kujua Wachina wenyewe walisema nini juu ya vyombo vyao. Mimi naona hapo ndipo alipowapita wenzake. Fedha wao walikuwa nazo kama yeye, lakini elimu hawakuitafuta.

Miaka ya 1920 ilikuwa miaka ya msukosuko huko Uchina. Mfalme wa mwisho, Puyi, alifukuzwa katika kasri la Beijing mwaka 1924, na mwaka 1925 kasri hilo likafunguliwa kuwa makumbusho. Kabla ya hapo watu wa nyumba ya kifalme walikuwa wameweka rehani vyombo vingi katika benki moja ya mji huo ili wapate fedha. Deni halikulipwa, na vyombo vikauzwa. Bwana David alifika Beijing na kununua sehemu ya vyombo hivyo. Wakati huohuo aliwasaidia Wachina kwa mali na ushauri katika kuonyesha hazina za kasri. Kisha akawa mmoja wa waliosimamia maonyesho makubwa ya sanaa ya Kichina yaliyofanyika London kuanzia Novemba 1935 mpaka Machi 1936. Serikali ya Uchina ilikubali kuazima hazina zake, zikapakiwa katika manowari ya Kiingereza, na watu zaidi ya 400,000 wakaenda kuzitazama.

Lakini jambo lililolifanya jina lake lisisahauliwe ni magudulia mawili.

Magudulia hayo ni marefu, kila moja lapata sentimita 63, meupe yenye nakshi za buluu. Yamechorwa joka, ndege na maua, na mikono yake imefanyizwa mfano wa vichwa vya tembo. Yalikuwa yametengana, kila moja likiwa na mwenyewe. Bwana David alilipata moja, kisha mwaka 1935 akalipata la pili, akayakutanisha tena.

Kilichomvuta ni maandishi yaliyo shingoni mwa magudulia hayo. Humo mtu aitwaye Zhang ameandika kwamba ametoa magudulia mawili na chetezo kimoja kwa hekalu la dini yake, akiomba salama kwa nyumba yake na watoto wake. Tena ameandika tarehe, ambayo kwa hesabu ya leo ni mwaka 1351. Chetezo hakijaonekana mpaka leo.

Kwa nini tarehe hiyo iwe jambo kubwa? Kwa sababu wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba vyombo vya buluu na nyeupe vilivyo bora vilianza baadaye, katika enzi ya Ming, yaani baada ya mwaka 1368. Maandishi haya yalionyesha kwamba mwaka 1351 mafundi walikuwa wamekwisha kuikamilisha kazi hiyo. Hata hivyo, mwanachuoni mmoja wa London alipoyachapisha maandishi hayo mwaka 1929, wachache tu waliyatilia maanani.

Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka Mmarekani John Pope alipoyafanya magudulia hayo kuwa kipimo. Aliyalinganisha na vyombo vilivyohifadhiwa katika kasri la masultani wa Kituruki huko Istanbul, na vingine vya Ardabil katika Uajemi, ambako Shah Abbas alitoa wakfu vyombo vya Kichina zaidi ya 1,000 mwaka 1611. Pope akaonyesha kwamba baadhi ya hivyo ni vya karne ya 14. Tazama basi: hazina zilizotunzwa na Waislamu kwa mamia ya miaka ndizo zilizosaidia kuieleza historia ya Uchina. Wala si ajabu, maana buluu yenyewe ilitokana na madini ya kobalti yaliyopelekwa Uchina kutoka Uajemi, na soko kubwa la vyombo hivyo lilikuwa katika nchi za Kiislamu.

Sasa nataka kutaja jambo linalonistaajabisha zaidi. Miaka ya mwisho ya uhai wake, Bwana David alishughulika kutafsiri kitabu cha Cao Zhao, mjuzi wa Kichina aliyeandika mwaka 1388 namna ya kutambua vitu vya kale na kupambanua vya kweli na vya bandia. Cao Zhao alividharau vyombo vya buluu na nyeupe, akaviona havina heshima kwa watu wenye adabu. Lakini mwaka 2005 gudulia moja la karne hiyohiyo ya 14, la buluu na nyeupe, liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 15. Basi hata mjuzi wa kweli husema kwa macho ya zama zake. Bei hupanda na kushuka kama maji ya bahari, ila habari ya chombo haibadiliki.

Mwaka 1950 Bwana David alitoa mkusanyo wake kwa Chuo Kikuu cha London, pamoja na vitabu vyake, ili wanafunzi na watu wote wanufaike. Sisi tungesema kauweka wakfu. Nyumba ya kuuonyesha ilifunguliwa mwaka 1952. Mwenyewe alifariki mwaka 1964, na tafsiri yake ikachapishwa mwaka 1971. Nyumba ile ilifungwa mwaka 2007, na tangu mwaka 2009 vyombo vinaonyeshwa katika British Museum. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba vyombo hivyo, vipatavyo 1,700, vinapewa jumba hilo moja kwa moja. Thamani yake ilikisiwa kuwa pauni bilioni moja. Havikutawanyika, kwa sababu mwenyewe aliandika na kupanga mambo yake angali hai.

Na sisi je? Mwanahistoria James Kirkman, aliyeanza kuchimba magofu ya Gede mwaka 1948, alitegemea sana vipande vya vyombo vya Kichina kujua umri wa misikiti na nyumba. Kipande kilichovunjika, ambacho mtu angekitupa jaani, ndicho kilichomwambia jengo ni la karne gani. Lakini nendeni mkayatazame makaburi ya mnara katika pwani yetu. Mengi yana mashimo ya mviringo mahali palipopachikwa mabakuli. Watu wameyachokoa wakaenda nayo. Bakuli lililong'olewa kaburini huwa limekatwa ulimi, halisemi tena limetoka wapi. Na zaidi ya hayo, ni kumvunjia heshima maiti.

Kwa wenye vyombo majumbani nina machache ya kuwashauri.

Kwanza, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Andika chombo kilitoka kwa nani, kilikuja lini na kilikaa nyumba gani. Kipime na kukipiga picha juu na chini. Muulize bibi angali hai.

Pili, usikisugue kwa dawa kali wala mchanga, wala usikigandishe kwa gundi kikipasuka. Weka vipande vyote pamoja katika kitambaa laini. Fundi asiyejua huharibu zaidi ya ufa.

Tatu, usiamini alama ya kitako peke yake. Mafundi wa Kichina walikuwa na desturi ya kuandika jina la mfalme wa zamani kwa heshima, na walaghai huliandika kwa hila. Mjuzi hutazama pia kitako chenyewe, uzito, rangi na namna ya ung'aavu. Tena si kila sahani ya kidakani ni ya Kichina. Nyingi zilitoka Ulaya katika karne ya 19, hasa Uholanzi na Uingereza. Hizo nazo ni historia yetu, lakini bei yake ni nyingine.

Nne, anayetaka kununua asiwe ndiye mthamini. Tafuta mtu asiye na faida katika jambo hilo, na ukiweza tafuta wawili. Waulize watu wa makumbusho, kama vile Fort Jesus au Lamu, wakueleze chombo ni cha aina gani na cha zama gani. Jambo hili lina uzito zaidi wakati wa mirathi. Bakuli likikisiwa kwa bei ya sufuria kisha ndugu mmoja akaliuza kwa maelfu, dada zake wamedhulumiwa haki waliyopewa na Mwenyezi Mungu.

Tano, ijue sheria. Kwa sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006, kitu cha kuchukulika kilichotengenezwa Kenya au kuletwa humu kabla ya mwaka 1895, isipokuwa kitabu au hati, huhesabiwa kuwa cha kale, na hakiruhusiwi kutolewa nchini bila kibali. Dalali anayekuhimiza umalize biashara usiku huu kabla ya meli kuondoka, huenda anaikimbia sheria hiyo.

Percival David alikuwa na fedha ambazo sisi hatuna. Lakini kusoma maandishi ambayo wengine waliyapita, kuuliza na kuweka kumbukumbu, hayo hayakuhitaji benki ya baba yake. Mwenye bakuli moja Lamu anaweza kuyafanya leo, kabla dalali hajabisha hodi.