Bagaza, rais aliyewapangia Warundi saa za kusali

Mfanyabiashara wa Gihosha, juu kidogo ya mji wa Bujumbura, leo anaweza kusali misa ya asubuhi Jumatano ndipo ateremke kufungua duka. Katikati ya miaka ya 1980 hilo lilikuwa kosa. Aliyeweka amri hiyo ni Jean-Baptiste Bagaza.

Alizaliwa mwaka 1946 huko Rutovu, Bururi, akasomea uaskari Ubelgiji. Novemba 1976 alimpindua Michel Micombero na kuanzisha Jamhuri ya Pili. Alianza vizuri. Mwaka 1977 alifuta ubugererwa, desturi iliyomfunga mkulima asiye na ardhi kwa mwenye shamba. Barabara nyingi za lami ambazo malori yenu yanapita zilijengwa enzi zake, na bwawa la umeme la Rwegura pia.

Lakini rais huyo aliyemwachia huru mkulima hakutaka kuiachia dhamiri. Kanisa Katoliki lilikuwa na shule, redio za vijijini midomoni mwa makatekista, na watu waliolisikiliza kuliko chama chake, UPRONA. Alishuku kwamba wamisionari wanawachochea Wahutu dhidi ya utawala wa Watutsi wachache. Mamia yao wakafukuzwa nchini kuanzia mwaka 1979. Hoja yake nyingine ilikuwa kazi: siku za juma ni za kuzalisha, si za kupiga magoti. Misa za saa za kazi zikakatazwa, vikundi vya sala mitaani vikavunjwa, seminari ndogo zikachukuliwa na serikali mwaka 1986, na mapadre wakafungwa. Waadventista walifungiwa makanisa. Mashahidi wa Yehova walipigwa marufuku.

Septemba 1987, akiwa Quebec, Kanada, kwenye mkutano wa nchi zinazozungumza Kifaransa, Meja Pierre Buyoya alichukua madaraka. Vita na Kanisa viliwachosha hata askari. Buyoya aliwafungulia mapadre, akarudisha seminari na misa za siku za kazi. Uhuru huo, hata hivyo, haukumfikia kila mtu: mwaka 1989 Mashahidi wa Yehova walikamatwa tena.

Bagaza aliishi uhamishoni, akarejea, akaanzisha chama cha PARENA mwaka 1994, na baadaye akawa seneta kama marais wengine wastaafu. Alifariki Brussels tarehe 4 Mei 2016, akazikwa Bujumbura.