Jagadish Chandra Bose: Mhadhiri Aliyepima Mawimbi kwa Nyuzi za Juti

Muulize mwanafunzi yeyote wa fizikia nani alileta redio, atakwambia Marconi. Muulize nani alitangulia kunasa mawimbi ya redio kwa fuwele ya nusu-kipitishi, wengi watakaa kimya. Ni Jagadish Chandra Bose, Mbengali wa India. Maisha yake yanatuhusu sana sisi wana chuo, maana kazi zake kubwa alizifanya akiwa mhadhiri asiye na maabara ya maana.

Alizaliwa tarehe 30 Novemba 1858 huko Bengal, upande ambao leo ni Bangladesh. Baba yake, Bhagawan Chandra, alikuwa ofisa katika serikali ya kikoloni. Watu wa cheo chake walikimbilia shule za Kiingereza. Yeye akampeleka mwanawe shule iliyofundisha kwa Kibengali, akakaa benchi moja na mtoto wa mvuvi. Aliona mtoto aijue kwanza lugha yake na watu wake. Kiingereza kilikuja baadaye, St. Xavier's mjini Kolkata, ambako padri Mjesuti Eugène Lafont alimtia mapenzi ya fizikia. Mwaka 1880 alikwenda London kusomea udaktari, homa zikamwandama, akaacha. Akahamia Cambridge kusoma sayansi, na mmoja wa walimu wake huko alikuwa Lord Rayleigh.

Aliporudi 1885 aliajiriwa Presidency College, Kolkata. Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Mhindi alilipwa theluthi mbili ya mshahara wa Mzungu kwa kazi ileile, na kwa kuwa ajira yake ilikuwa ya muda, hizo nazo zikakatwa nusu. Yaani abaki na theluthi moja. Bose akaendelea kufundisha kama kawaida, ila mshahara hakuugusa kwa miaka mitatu, na nyumbani kwao madeni yamejaa. Mwishowe wakubwa walikubali. Akalipwa kamili pamoja na malimbikizo yote, na fedha hizo zikaenda kulipa madeni ya baba yake.

Utafiti aliuanza mwaka 1894, baada ya saa za vipindi, katika kichumba cha futi za mraba 24, kwa fedha za mfukoni mwake. Msaidizi wake alikuwa fundi bati.

Miaka michache kabla yake, Mjerumani Heinrich Hertz alikuwa ameonyesha kwamba mawimbi ya umeme yapo kweli. Lakini mawimbi yake yalikuwa marefu, na ukitaka kuona wimbi linavyopinda ndani ya kitu, kitu chenyewe lazima kiwe kikubwa kulilinganisha na wimbi. Hertz alilazimika kutengeneza prizimu ya lami yenye uzito wa zaidi ya nusu tani! Bose akaja na njia nyingine: afupishe wimbi. Akashuka hadi milimita 5, yale tunayoyaita leo maikrowevu, na vifaa vyake vyote vikaenea juu ya meza. Mbele ya watu katika Town Hall ya Kolkata, mawimbi hayo yalipenya kuta, yakagonga kengele na kulipua baruti.

Maonyesho yalimpa jina, lakini kazi hasa ilikuwa kupima. Alichukua salfa au kioo, akakichonga kama nusu ya silinda, akakielekezea mawimbi na kukizungusha polepole. Kuna pembe ambayo ukiifikia, wimbi halitoki tena upande wa pili, linarudishwa lote. Pembe hiyo ndiyo inayokupa namba ya jinsi kitu kinavyopinda wimbi. Kumbe kioo kilekile ambacho kwa mwanga kina takriban 1.5, kwa mawimbi yake kilitoa takriban 2. Tabia ya kitu inategemea wimbi unalolitumia, na huwezi kuikisia, ni mpaka upime. Rayleigh aliiwasilisha kazi hiyo Royal Society mwaka 1895, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha London kikampa udaktari wa sayansi.

Vifaa vyake vinachekesha ukivisikia. Alihitaji kichujio cha kuruhusu mawimbi yanayotikisika upande mmoja tu. Akachukua kitabu cha ratiba za treni na kupachika karatasi za bati kati ya kurasa. Mwaka 1898 alichukua nyuzi za juti, zao la Bengal, akazisokota na kuonyesha kwamba zinageuza upande ambao wimbi linatikisika: zikisokotwa kulia zinageuza huku, zikisokotwa kushoto zinageuza kule. Leo wahandisi wanaotengeneza polima zenye nyuzi ndani yake, kisha wakazipima kwa maikrowevu, wako kwenye njia hiyohiyo.

Kisha kuna galena, jiwe la madini ya risasi. Aligundua kwamba ncha ya chuma ikigusa fuwele hiyo, inanasa mawimbi. Marafiki zake, akiwemo Sister Nivedita, walimsukuma aombe hataza Marekani. Aliiomba 1901 na ikatolewa 1904. Mwenyewe hakuitafutia pesa. Miaka mingi baadaye Walter Brattain, mmoja wa waliovumbua transista, alimtaja Bose kuwa wa kwanza kutumia fuwele ya nusu-kipitishi kwa kazi hiyo.

Hapa tusidanganyane. Ubunifu wa mtu mmoja ulifika mahali ukakwama. Mwanzoni mwa karne ya 20 Bose alihamia utafiti wa mimea, na hakuacha nyuma yake karakana wala kikundi cha kuendeleza mawimbi. Matunda yakavunwa Ulaya na Marekani. Nadhani hilo alilielewa, maana tarehe 30 Novemba 1917, siku aliyotimiza miaka 59, alifungua Bose Institute mjini Kolkata ili watakaomfuata wasianzie kwenye kichumba kama chake. Alifariki tarehe 23 Novemba 1937 huko Giridih. Taasisi ipo hadi leo.

Kwa hiyo tukilalamika kwamba maabara haina vifaa, tuna haki. Hata Bose alidai haki yake miaka mitatu. Ila wakati tunadai, mkonge upo, chupa za plastiki zipo, na ulipindaje wimbi ni swali linalohitaji kupimwa.